MJADALA: Mzazi hajatoa mahindi ya shule, mtoto ale au asile?

Mama wa Watatu (mleta mada)

Habari zenu ndugu zangu. Mkutano mkuu wa kijiji chetu, huku mkoani Dodoma, unakaa karibuni na kuna pendekezo linalotaka kupitishwa: mwanafunzi ambaye mzazi wake hajakamilisha mchango wa chakula asipewe chakula cha mchana shuleni mpaka deni liishe. Waliolileta si watu wabaya. Ni wazazi waliotoa mahindi yao na maharage yao, wakachoka kuona wenzao wanapiga chenga kila mwaka huku watoto wao wanakula kama kawaida. Hasira yao naielewa kabisa. Ila pendekezo lenyewe nalipinga, na nitasema kwa nini.

Tuanze na sheria, maana hapo ndipo wengi tunachanganya. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulifuta ada na michango ya lazima kwenye shule za serikali, utekelezaji ukaanza Januari 2016. Waraka Na. 3 wa 2016 ukagawa majukumu, na chakula cha mwanafunzi wa kutwa kikabaki kwa mzazi. Kwa hiyo anayesema "elimu ni bure, sitoi hata punje" hayuko sahihi. Wala tusidanganyane kwamba ruzuku ya serikali kwa shule ingetosha. Kwa shule ya msingi imekuwa ikihesabiwa shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka. Gawanya kwa siku 194 za masomo, haifiki shilingi 55 kwa siku, na hapo hujatoa chaki, mitihani na ukarabati wa madawati. Wazazi lazima tuchangie. Tunachobishania ni nani aadhibiwe mchango usipokuja.

Mwaka jana jambo hili lilijaribiwa kimyakimya kwenye shule moja huku kwetu. Kengele ya chakula ikigongwa, watoto wanatoka na sahani zao, mwalimu wa zamu amesimama pembeni ya sufuria la makande na daftari mkononi, anaita majina. Wasioitwa wanasogea kwenye kivuli upande wa pili wa uwanja. Wakubwa walikuwa wanajifanya hawana njaa. Wale wa darasa la kwanza walibaki kwenye mstari na sahani tupu mpaka mtu awaondoe, kwa sababu hawakuelewa wamekosa nini. Haikuchukua muda vipindi vya mchana vikaanza kuwa na mapengo, na wengine wakawa hawaonekani hata asubuhi.

Sasa kwa nini mahindi hayaji? Wengine ni ukaidi, sikatai. Lakini tazameni tunadai lini. Shule inafungua Januari, ndipo tangazo linatoka. Sisi mvua yetu ni ya msimu mmoja. Januari vihenge vimekwisha, shambani ndiyo kwanza watu wanapalilia, na mahindi sokoni ndiyo wakati wake wa kupaa bei. Kaya inayokula mlo mmoja utaiambia ilete debe na nusu kwa kila mtoto? (Hesabu yenyewe ni ya haki: gramu 150 kwa siku mara siku 194 ni kama kilo 29.) Mtu yuleyule ukimfuata Juni, mahindi bado yako uani, anakupimia palepale bila maneno.

Msimamo wangu basi: watoto wote wale. Mchango ukusanywe wakati wa mavuno, na mwenye deni, yaani mzazi, adaiwe na serikali ya kijiji, si na mwalimu. Karibuni.

Mkulima wa Alizeti

Dada umeeleza vizuri, ila umewahurumia watu wasiostahili. Mimi naijua orodha ya wadaiwa wa kitongoji chetu. Nusu yao si maskini. Yupo mwenye ekari kumi za alizeti, kanunua pikipiki, na jioni yuko kilabuni anawanunulia wenzake pombe. Huyo hata ukimfuata Juni atakwambia mahindi ni ya mbegu. Ukishatangaza watoto wote wanakula, umemwambia asitoe. Na mwakani mimi niliyetoa nitajiuliza natoa kwa ajili gani.

Wazee watakumbuka. Mpango wa Chakula Duniani ulikuwa unalisha shule nyingi za Dodoma na Singida miaka ya 2000. Ulipoondoka, masufuria yakawa yanakaa stoo yamefunikwa, kwa sababu tulishazoea chakula kinachokuja chenyewe. Mimi nasema bila makali hakuna mchango.

Bibi Mlezi

Wanangu, nalea wajukuu wanne, wazazi wao wako Dar es Salaam kutafuta. Debe na nusu kwa kila kichwa, wanne ni madebe sita. Hilo ni gunia. Mwenye mtoto mmoja na mashamba makubwa anatoa debe na nusu, mimi ninayekwenda kupalilia kwa watu nitoe gunia zima. Hilo mbona halisemwi?

Mgambo alishakuja kwangu kuchukua kuku. Kuku wenyewe ndio nilikuwa nauza mayai kununua madaftari.

Mfugaji

Sisi tusiolima tunaambiwa tutoe mahindi ambayo inabidi tuyanunue. Tupokeeni mbuzi basi, mmoja kwa watoto kadhaa, auzwe mnadani, shule inunue inachotaka. Mwaka juzi tuliwaambia wakasema hakuna safu ya mbuzi kwenye daftari.

Mwalimu Mstaafu

Nimekuwa mwalimu mkuu shule za vijijini, naomba niseme mambo mawili.

La kwanza, naunga mkono kumtoa mwalimu kwenye kudai. Mzazi anayejua ataulizwa mahindi haji shuleni hata akiitwa kwa habari ya mtoto kutojua kusoma. Nimekaa na wazazi waliokuwa wanapita njia ya porini ili wasinikute barabarani. Shule ikigeuka ofisi ya madeni, mzazi umempoteza.

La pili, hili la kukusanya Juni ni zuri lakini lina hatari ambayo mleta mada hakuigusa. Mahindi ya Juni yatakaa mpaka Aprili mwaka unaofuata. Wapi? Stoo nyingi za shule ni chumba kimoja chenye majembe, mipira iliyopasuka na magunia yamelazwa sakafuni. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya kuvu inayoota kwenye nafaka isiyokauka, iliua watu hapa Dodoma na Manyara. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha, na huwezi kuionja kwenye makande. Mkikusanya mahindi ya kaya mia tatu, kaya moja ikaleta yasiyokauka, mmechafua ghala lote na mmewalisha watoto wote. Kwa hiyo kabla ya kupiga kura ulizeni: nani atakagua ukavu kabla ya kupokea? Chaga za kuinua magunia zipo? Mifuko isiyopitisha hewa nani atanunua? Afisa ugani wa kata ahusishwe siku ya kupokea, asiitwe mahindi yakishabadilika rangi.

Mama wa Watatu (mleta mada)

Mwalimu, asante sana, la kuhifadhi sikulipa uzito na ni la kwanza sasa kwenye karatasi yangu. Bibi, shikamoo. Umenipa hoja nitakayoisimamia mkutanoni: mchango uwe wa kaya kulingana na uwezo, na kamati za vitongoji zinajuana vizuri kuliko ofisi yoyote. Asiye na mahindi kabisa alete kuni au ashike zamu ya kuchota maji ya jikoni, ihesabiwe kama mchango. Na mbuzi apokelewe, safu ya daftari inachorwa kwa rula tu.

Kaka wa alizeti, wewe nakujibu kwa urefu kidogo. Unataka makali, na mimi nayataka, ila yamkate mwenye pikipiki. Mtoto wake ukimnyima makande, yeye kilabuni haoni chochote. Halmashauri ya kijiji inaruhusiwa kutunga sheria ndogo, mkutano mkuu ukaijadili, na halmashauri ya wilaya ikishaiidhinisha mtu anaweza kudaiwa kisheria. Tumekuwa tukituma mgambo kwa mabibi kwa sababu kuku wa bibi anakamatika kirahisi. Mwenye ekari kumi hatujawahi kumwandikia hata barua.

Jingine: kijiji kina ardhi imelala kule bondeni. Ekari chache za mtama, unaovumilia ukame kuliko mahindi, kila kitongoji kikipangiwa siku yake ya kulima, zingepunguza mzigo kwa kila kaya.

Mkulima wa Alizeti

Shamba la mtama nakubali, na trekta nitaleta siku moja bila malipo. Sheria ndogo pia nakubali, ingawa najua wilayani itakaa muda. Lakini wakati tunaisubiri, majina ya wadaiwa wenye uwezo yasomwe mkutanoni, kitongoji kwa kitongoji, mbele ya watu. Yakisomwa, nitanyoosha mkono watoto wote wale. Yasiposomwa, kura yangu ni ileile.