Wauza miwani ya VR, acheni kutuambia "futa lenzi". Mng'ao huu si uchafu

Wakuu, heshima kwenu.

Jambo hili ninalo tangu mwezi wa tatu na leo limenifika shingoni. Naandika nikiwa na hasira, kwa sababu pesa iliyoondoka ni yangu na wateja walioondoka ni wangu.

Nina kibanda cha gemu huku Mbagala. Pleisteshen tatu, tivi tatu, viti vya plastiki, watoto wa mtaani jioni na vijana wa bodaboda mchana. Mwaka huu nikaona niongeze kitu ambacho vibanda vya jirani hawana, yaani miwani ya VR, ile unayoivaa usoni ukajiona umo ndani ya picha yenyewe. Nikauza friji ya soda, nikasubiri zamu yangu ya mchezo wa kupeana pesa, nikaenda Kariakoo nikainunua kwa milioni moja na laki mbili. Aina yake sitaitaja, wala duka, maana nikishataja tutaanza kubishana kuhusu kampuni na duka wakati tatizo limezagaa sokoni kote.

Dukani niliijaribu. Waliniwekea ile sebule ya kuchorwa, madirisha makubwa, mwanga kila upande, rangi tele. Picha ikawa nzuri, nikalipa. Usiku nikiwa nyumbani nikafungua filamu, na filamu ikaanza kwa majina ya waigizaji, maandishi meupe kwenye giza. Kila herufi ilikuwa na mkia. Michirizi myeupe ilitoka kwenye herufi ikakimbilia pembeni, mfano wa taa za gari linalokuja mbele yako usiku wakati kioo chako kina mafuta. Nikisogeza macho kushoto, michirizi nayo inahama. Na lile giza lenyewe halikuwa giza, lilikuwa kijivu cha moshi. Nikajaribu gemu ya anga za mbali, ile yenye jua moja katikati ya weusi mtupu. Jua lilitandaza ukungu nusu nzima ya jicho.

Siku ya pili mtoto wa miaka kumi na mbili kalipa buku yake ya dakika kumi. Hata dakika tatu hazijaisha kaivua, kaniuliza, "Anko, mbona humu ndani kuna moshi?" Sikuwa na jibu. Nikamrudishia hela yake.

Nikairudisha dukani. Naomba mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo tunapoibiwa. Kijana wa dukani hakuivaa. Aliiunganisha na simu yake, akatazama kinachoonekana kwenye simu, akanionyesha: "Kaka, picha si hii hapa? Safi kabisa. Hayo ni mafuta ya uso tu, we kaifute lenzi."

Wakuu, kinachoonekana kwenye simu ni picha kabla haijapita kwenye lenzi. Inatoka kwenye prosesa moja kwa moja kwenda kwenye simu, lenzi haihusiki hata chembe. Ndivyo ilivyo kwa picha za kwenye boksi, kwa matangazo, na kwa video nyingi za kusifia mnazoziona mtandaoni. Wanakuonyesha skrini, halafu unakwenda kuishi na lenzi. Unaweza kutazama video mia za miwani fulani na usiuone mng'ao wake hata mara moja mpaka uivae usoni ukiwa umeshalipa.

Basi nikafuta, kama nilivyoelekezwa. Nilifuta na fulana ya pamba, wiki nzima, kila mteja akitoka. Hakuna aliyeniambia kwamba lenzi hizi ni za plastiki na kwamba vumbi likikokotwa juu yake linachora. Nilipokwenda mara ya tatu kudai waranti wakaigeuza kwenye mwanga, wakaona mikwaruzo, wakasema waranti imekufa kwa sababu nimeiharibu mwenyewe. Ushauri wao ndio ulionikwaruzia lenzi, na mikwaruzo hiyo hiyo ndiyo wakaitumia kunifukuzia.

Sasa niwaeleze nilichokuja kukijua baadaye, ili asitokee mwingine wa kuambiwa habari za mafuta ya uso. Skrini ya miwani hii iko sentimita chache tu kutoka kwenye jicho. Lenzi ya kawaida yenye nguvu ya kukuwezesha kuiona vizuri inakuwa na tumbo nene na nzito. Kwa hiyo watengenezaji wengi wakachukua ufundi wa mhandisi Mfaransa, Augustin-Jean Fresnel, aliyebuni lenzi za minara ya taa ya baharini. Ya kwanza iliwekwa kwenye mnara wa Cordouan, pwani ya magharibi ya Ufaransa, mwaka 1823. Lile tumbo la lenzi linakatwa pete ndani ya pete, na unene usio na kazi unaondolewa. Unapata lenzi nyembamba na nyepesi. Lakini kati ya pete na pete panabaki kingo, kijiukuta kidogo kisichokuwa na kazi ya kukunja mwanga. Mwanga ukigonga hapo unapotea njia, unatawanyika, na jicho linauona kama mchirizi. Kwenye mnara wa taa hakuna anayebandika jicho kwenye lenzi, meli iko maili kadhaa baharini. Sisi tumeibandika puani.

Chukueni tochi ya simu, mulikeni lenzi kwa ubavu. Mtaziona pete zenyewe, zimepangana kama mistari ya santuri. Hakuna kitambaa duniani kinachofuta kingo hizo, zimo ndani ya umbo la lenzi.

Na wala si siri mpya. Miwani za VR za HTC Vive na Oculus Rift zilipoingia sokoni mwaka 2016 watu walilalamika jambo hili hili, wakaipa michirizi hiyo jina, miale ya Mungu. Kuna waliofungua Vive zao wakang'oa lenzi na kupachika za miwani ya Samsung Gear VR, zisizo na pete, ili tu wapumzike. PlayStation VR ya mwaka huo huo haikutumia lenzi za pete, kwa hiyo usiniambie haikuwezekana. Valve Index ikaja 2019 na bei yake kubwa, nayo ikasifika kwa picha na kulaumiwa kwa mng'ao. Halafu zikaja lenzi za pankeki, ambazo mwanga unakwenda na kurudi ndani yake kabla ya kutoka. Miwani za Pico 4 na Quest Pro zilikuwa nazo 2022, Quest 3 mwaka 2023. Hizo hazina pete, michirizi ile imekwisha, ingawa zinameza mwanga mwingi, hazipitishi zaidi ya robo, na nazo zina vivuli vyake vya mwanga kwenye picha za giza. Tukadhani tumevuka. Oktoba 2024 Quest 3S ikatoka na lenzi za pete tena.

Najua sababu ni bei. 3S ilianza kwa dola 300, Quest 3 ilianza kwa 500. Mtu mwenye kibanda Mbagala anaijua tofauti hiyo kuliko yeyote, na pengine bado ningechagua ya bei ndogo. Lakini ningechagua nikijua! Ningeiweka kwa gemu za mchana, za rangi, ngumi na mpira, nisingewaahidi wateja filamu na anga za mbali. Nisingeuza friji.

Kwa ambao tayari mnazo, yanayosaidia kidogo ni haya. Pima umbali kati ya mboni zako kwa rula mbele ya kioo, halafu urekebishe lenzi zilingane nao. Kwenye Quest 2 nafasi ni tatu tu, milimita 58, 63 na 68, kwa hiyo kuna sura ambazo hazitakaa sawasawa. Sogeza miwani juu na chini usoni polepole mpaka herufi zikolee, kisha ndio ukaze mkanda. Punguza mwangaza wa skrini. Kufuta, tumia kitambaa laini kikavu kama cha miwani ya macho, na kabla ya hapo pulizia vumbi litoke. Spiriti usiiguse. Na jamani, msiiache juani lenzi zikitazama juu. Lenzi inayokuza picha inakusanya jua pia, na itachoma skrini muda mfupi sana. Hakuna lolote kati ya haya linaloondoa mikia. Yanaipunguza tu, basi. Kwangu, mteja mpya kila dakika kumi, kila mmoja na uso wake, hata hayo ya kurekebisha hayatekelezeki.

Kwa hiyo wauzaji mnaosoma hapa, na najua mpo, nataka kitu kimoja. Mteja akija, mfungulieni skrini nyeusi yenye maandishi meupe, avae mwenyewe, atazame katikati halafu pembeni. Dakika mbili. Anayekataa kufanya hivyo anajua anachokificha.

Wenzangu, mkienda kununua msikubali ile sebule ya madirisha. Dai giza.

Na swali langu: kuna yeyote hapa Dar aliyewahi kubadilisha lenzi zilizokwaruzika, au anayemjua fundi anayezifungua bila kuua skrini? Aweke hapa. Yangu iko kwenye boksi lake chini ya tivi ya kati, na mchezo wa mwezi huu bado naulipa.