Naomba ushauri: mzee kapata shambulio la moyo, kipimo cha mafuta kinasema yuko sawa

Wakuu, shikamooni na habari za leo.

Baba yangu ana miaka 63. Wiki tatu zilizopita alishikwa na maumivu ya kifua alfajiri, jasho likimtoka mpaka shuka ikalowa. Hospitali wakasema ni shambulio la moyo, akalazwa. Siku ya tano ndipo wakampima mafuta kwenye damu: kolesteroli mbaya (LDL) 2.2. Mwaka jana ilikuwa 4.1, karatasi ninayo.

Sasa kaka yangu kashikilia hiyo 2.2. Anasema mafuta yameshuka, kwa hiyo atorvastatini (dawa ya kushusha kolesteroli) miligramu 80 kila usiku ni ya nini, tena mzee analalamika mapaja yanauma. Juzi nimekuta vidonge viwili chini ya mto!

Nilichoelezwa na nesi mmoja ni kwamba moyo ukipata shambulio, baada ya kama saa 24 LDL huanza kushuka yenyewe kwa sababu mwili uko kwenye msukosuko, na hukaa chini kwa wiki kadhaa. Yaani ile 2.2 inadanganya. Kwangu inaingia akilini, ila kaka hanisikii, mimi ndiye mdogo.

Aliyepitia haya: mlirudia kipimo baada ya wiki ngapi? Maumivu ya misuli mlimwambiaje daktari, dozi ikapunguzwa au dawa ikabadilishwa? Kliniki yake ni wiki ijayo, na sitaki aache dawa kabla ya hapo.