Binti wa miaka 19: valvu ya chuma au ya ng'ombe?

Mleta mada: Wadau, tulijadili hili bila jazba. Binti wa jirani yangu kijijini, valvu ya moyo (kilango kinachopitisha damu upande mmoja) imeharibiwa na homa ya baridi yabisi aliyougua utotoni. Haitengenezeki, inabidi ibadilishwe, na familia imeambiwa ichague. Ya chuma (kwa kweli ni kaboni) inaweza kumfikisha uzeeni, ila atameza wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku, na kupima INR, kipimo cha kasi ya damu kuganda, maisha yake yote. Ya tishu za mnyama haimfungi na wafarini ya kudumu, lakini kwa kijana huchakaa mapema: miaka 10 hadi 15, pengine chini ya hapo, kisha kifua kinafunguliwa tena.

Miongozo ya kimataifa kwa kawaida humwelekeza kijana kwenye chuma, ingawa inamwachia nafasi mwanamke anayetaka kuzaa. Mimi nasema binti wa kijijini apewe ya mnyama, na serikali ijifunge kugharamia upasuaji wa pili. Zamani ilikuwa safari ya India. Tangu 2015 tuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete hapa hapa Dar, kwa hiyo siombi miujiza.

Muuguzi, Nyanda za Juu: Naunga mkono. Kwa valvu ya chuma upande wa mitrali, yaani kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, INR inatakiwa icheze kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka, damu inaganda kwenye valvu. Ikipanda, mgonjwa anavuja damu hata kichwani. Sasa mtu anatoka kwao alfajiri, anafika, mashine ipo, vitendanishi hakuna, rudi wiki ijayo. Halafu kuna mboga. Mchicha, kisamvu na matembele vina vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa. Hatukatazi, tunasema ale kiasi kilekile siku zote. Masika mboga tele, kiangazi hakuna, na dozi inayumba na mvua.

Mchangiaji: Si kuna vidonge vipya visivyohitaji INR?

Muuguzi: Kwa valvu ya chuma havifai. Jaribio la dabigatrani, kimojawapo, lilisitishwa, matokeo yakatoka 2013. La apiksabani, kingine, likasitishwa 2022. Msimpe mtu ushauri huo, ataganda damu.

Mwenye valvu ya chuma: Nimesoma yote. Yangu usiku naisikia ikigonga, mwanangu alidhani nimeficha saa. Mimba ya kwanza iliharibika. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba wafarini inavuka kondo la nyuma na kumdhuru mtoto, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12. Ya pili nikachomwa sindano za heparini badala ya wafarini miezi ile ya mwanzo, nikilala na hofu, maana sindano zenyewe hazilindi valvu vizuri kama wafarini. Mtoto yupo, anasoma.

Hata hivyo mimi nasema chuma. Mnasema "upasuaji wa pili" kama mtu anayebadilisha tairi. Mara ya pili moyo umeshikana na makovu nyuma ya mfupa wa kifua, hatari inaongezeka. Na atakuwa na miaka 30 na ushei, na watoto wanaomtegemea. Ahadi ya leo ya serikali nani ataisimamia siku hiyo?

Mchangiaji, Tanga: Na hii ya mnyama, ni nguruwe au? Sisi wengine inatuhusu.

Muuguzi: Zipo za nguruwe, na zipo za utando wa moyo wa ng'ombe. Aulize mapema, wasisubiri mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

Mchangiaji mwingine: Wote mnachelewa. Kule Gulu, Uganda, walipima watoto kwa mashine ya eko, inayoonyesha moyo kwa mawimbi ya sauti, wakawapata wenye dalili za awali za ugonjwa huu wa valvu. Waliochomwa penisilini kila mwezi kwa miaka miwili, ugonjwa ulizidi kwa 3 kati ya 399. Wasiochomwa, ulizidi kwa 33 kati ya 400. Bei ya valvu moja ingenunua sindano ngapi?

Mleta mada: Sibishi, fungua mada yake nitachangia. Huyu sindano haimrudishii valvu.

Mwenye valvu ya chuma: Mwenyewe anasemaje? Nimepitia mada nzima sijamsikia.

Mleta mada: Anataka amalize kwanza chuo cha ualimu. Nilipomuuliza habari ya watoto alicheka tu. Mama yake alikuwa amekaa palepale.