Fimbo za kupandia mlima: nichukue za kuzungusha au za klipu?

Binti Uyole: Wakuu shikamooni, mwezi ujao tunapanda mlima Rungwe, na juzi kushuka mlima Ngozi nilianguka mara mbili, udongo umelowa, magoti yanauma mpaka leo. Nataka fimbo zile za kurefusha, sokoni nimeona za kuzungusha (vipande unavikaza kwa kuvizungusha) na za klipu (unavibana kwa klipu ya nje), nichukue zipi? Na urefu je?

Mzee wa Tukuyu: Marahaba binti, pole sana. Chukua za klipu. Za kuzungusha nilikuwa nazo, matope na maji yakiingia ndani hazikazi, nikaegemea moja kwenye mteremko vipande vikaingiana ikawa fupi, nusura niende nayo. Kabla hujalipa ifunge halafu iegemee kwa uzito wako wote pale pale dukani. Urefu: simama na viatu vyako, ncha iguse chini, kiwiko kikunje nyuzi 90. Ukipanda punguza sentimita 5 mpaka 10, ukishuka ongeza hivyo hivyo. Rungwe ni mita 2,960 hivi, magoti yanaumia wakati wa kushuka.

Kaka Iringa: Naongezea, mkono uingie kwenye mkanda wa mpini kutokea chini ndo ushike, uzito unabebwa na mkanda, vidole havichoki. Aluminiamu hupinda, kaboni huvunjika ghafla.

Binti Uyole: Asante mzee, asante kaka. Zikilowa?

Mzee wa Tukuyu: Zichomoe vipande vyote, futa, ziache wazi zikauke usiku kucha, usipake mafuta ndani zitateleza.