Naomba ushauri: XOR ya namba zinazoruka tatu tatu

Habari zenu wakuu. Nina programu inayotakiwa kutafuta XOR (hesabu inayolinganisha biti za namba, yaani tarakimu zake za 0 na 1: zikitofautiana jibu ni 1, zikifanana ni 0) ya namba zote kuanzia a hadi b, na b inaweza kufika 10^18, kwa hiyo kupitia namba moja moja haiwezekani.

Masafa ya kawaida nimeyamaliza. XOR ya 0 hadi n hutegemea baki la n ukigawa kwa 4: baki 0 jibu ni n, baki 1 jibu ni 1, baki 2 jibu ni n+1, baki 3 jibu ni 0. Kisha unachukua jibu la b na kulifanyia XOR na la a−1, kwa sababu namba ikijirudia inajifuta. Nimejaribu 5 hadi 9: 1 XOR 4 ni 5, sahihi kabisa. Shufwa peke yake nazo ni rahisi, unagawa kwa mbili kisha unarudisha.

Ninapokwama ni mfuatano kama 5, 8, 11, 14 na kuendelea. Nimejaribu kushughulikia kila biti kivyake. Biti za chini hurudia mpangilio baada ya hatua chache, na za juu hubadilika mara chache, zote zinahesabika. Biti za katikati, karibu na ya 30, ndizo zinanitesa: mizunguko inafika mamilioni mengi.

Je, kuna njia ya kujua kama idadi ya moja kwenye biti fulani ni witiri au shufwa bila kuzihesabu? Hata dokezo tu litanisaidia sana.