Tupeane uzoefu: kompyuta inalia diski imekufa, kumbe diski ni nzima

Fundi_Kondele: Wakuu, radi zikianza hapa Kisumu mashine huletwa na hukumu tayari: "diski imekufa." Nyingi hazijafa. Tuweke hapa ripoti zinazodanganya.

Naanza na mashine inayoganda ukinakili faili, na Event Viewer (daftari la matukio la Windows) imejaa makosa namba 129 na 153. Fungua CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha afya ya diski, tazama mstari wa C7. Huo huhesabu data iliyochafuka njiani kati ya diski na ubao mama, na mara nyingi mkosaji ni waya wa SATA, ule unaopitisha data ya diski. Hesabu hiyo haishuki hata ukiweka waya mpya, ndiyo maana watu hudhani waya haukusaidia kitu. Andika namba kwenye karatasi, badilisha waya na tundu, nakili GB 20 hivi, kisha tazama tena. Ikibaki palepale, umemaliza.

Mwewe_Nakuru: Kweli tupu. Waya usio na kile kishikizo cha chuma hulegea wenyewe kwa mtetemo wa feni.

Shemeji_wa_Bungoma: Na wenye diski za Seagate! Mtu anaona milioni mia mbili kwenye mstari wa 07 anaanza matanga. Hiyo si idadi ya makosa. Isome ikiwa tarakimu 12 za heksa (hesabu ya msingi wa 16): nne za mwanzo ndizo makosa, nane zilizobaki ni mara ambazo kichwa kimetafuta data. 00000BEBC200 maana yake makosa sifuri. Na usidanganyike na "64" pale kwenye safu ya Raw Values ya CrystalDiskInfo, hiyo kwa kawaida ni heksa, yaani 100.

Tina_Milimani: Stima ikipotea katikati ya kuandika, sekta (kipande kidogo cha diski) hubaki nusu. C5, hesabu ya sekta zenye shaka, inapanda, kila mtu anapiga nduru. Hamisha data kwanza, halafu fomati bila ile alama ya haraka. Windows itaandika sifuri diski nzima. C5 ikirudi 0 na 05 (sekta mbovu zilizobadilishwa) isisogee, diski haina ubovu. 05 ikipanda kila wiki, hapo ndipo ununue.

Mzee_Kebo: Kwa nini mzunguke hivyo? chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, lala, asubuhi imepona.

Tina_Milimani: Mzee wangu, shikamoo, lakini hapana. Diski ikiwa inakufa kweli, /r inailazimisha kusoma kila sekta huku bado hujaokoa chochote. Anza na ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, kutoka Linux ya flashi:
ddrescue -f -n /dev/sda /dev/sdb ramani.log
Ya kwanza ni mbovu, ya pili ni mpya. Ukizigeuza umefuta kila kitu, kwa hivyo hakiki kwanza na lsblk, amri inayoorodhesha diski.

Mzee_Kebo: Marahaba. Diski mpya unaninunulia wewe?

Fundi_Kondele: Mzee, chkdsk bila /f wala /r husoma tu. Anza na hiyo tusigombane.

Radi_Kakamega: Mnaacha mchawi mkubwa. Kuna mashine ya saiba imebadilishwa diski mara mbili, na Windows bado inatoa kosa namba 55 kwamba mfumo wa faili umeharibika. chkdsk ya asubuhi inapata makosa haya, ya jioni mengine kabisa. 05, C5, C6 (sekta zisizosomeka), C7 zote sifuri. Wamiliki wameshaanza kumshuku jirani. Kipimo ni hiki: chukua faili kubwa kuliko RAM, mathalani GB 12 kwenye mashine ya GB 8, kisha andika
certutil -hashfile faili.iso SHA256
mara tatu. Amri hiyo hutoa alama ya kipekee ya faili, na faili ileile lazima itoe alama ileile. Majibu yalitoka matatu tofauti! Faili ni ileile, haijaguswa. Data inapita kwenye RAM kabla ya kuandikwa, RAM ikigeuza biti moja, diski inahifadhi uongo kwa uaminifu. Pima kwa MemTest86, programu ya kukagua RAM, mizunguko minne, kijiti cha RAM kimoja kimoja. Cha pili kilijaa mekundu. Futa meno yake kwa raba ya penseli ujaribu tena. Hicho hakikupona, kikatupwa, na diski zote mbili "zilizokufa" ziko kazini hadi leo.

Mwewe_Nakuru: Weeee! Diski mbili bure!

Shemeji_wa_Bungoma: Mbona hawakupima paawa saplai? Mita kwenye waya wa njano, diski ikifanya kazi: 11.4 hadi 12.6. Chini ya hapo diski huzima na kuwaka, unasikia "tik".

Radi_Kakamega: Ilipimwa. 12.1. Soma vizuri, shemeji.

Ng'ombe_Mweusi: Ifunge kwa nailoni uitie kwenye friza usiku mmoja.

Tina_Milimani: Ikitoka inatoa jasho ndani, sahani zinaharibika. Na mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku 2017, utafunga na nini, sukuma?

Ng'ombe_Mweusi: 😂 Na hii, kosa linataja Harddisk1, nami nimekwisha kuifungua mashine. Nitoe ipi?

Fundi_Kondele: Rudisha skurubu kwanza. Hesabu huanzia 0, kwa hivyo 1 mara nyingi ni flashi au tundu la memori kadi. Fungua diskmgmt.msc (orodha ya diski ya Windows) uone Disk 1 ni nani.

Ng'ombe_Mweusi: Ni flashi.