Skii za masafa kutoka Finse: upepo na nta

Swali: Wakuu, utabiri wa Finse, Norwei (mita 1,222 juu ya bahari), ni nyuzi -10 na upepo wa mita 10 kwa sekunde. Njia itapitika kwa skii (mbao ndefu za kuteleza kwenye theluji)? Nipake chini yake nta gani ya kushika theluji?

Jibu: Upepo huo unafanya ngozi ihisi kama nyuzi -20, na theluji inayopeperushwa inafukia alama za njia zilizoachwa na skii upesi. Fuata vijiti vilivyochomekwa kuonyesha njia. Huwekwa kuelekea Pasaka, kwa hiyo Januari usivitegemee. Usipoona kijiti kinachofuata, geuka urudi.

Jibu: Kwa baridi hiyo, theluji mpya inataka nta ya kijani; theluji iliyozeeka inataka ya buluu. Tabaka tatu nyembamba, chini ya kiatu tu, kila moja usugue kwa kizibo (kipande cha kulainishia nta). Ikiwa nene, theluji inanata na skii hazitelezi.

Jibu: Beba koleo la kuchimbia theluji, mkuu. Dhoruba ikikubana, chimba shimo la kujikinga thelujini mapema, nguvu zingalipo.